MF 290 imerudi kunywa oili msimu mmoja tu baada ya ovahoo. Nipange vipi ovahoo nyingine?

Plau_Chanika #1
Wakuu, salaam. Trekta ni Massey Ferguson 290, injini Perkins 4.236, ipo Chanika na inalima Kisarawe na Mkuranga. Ilifanyiwa ovahoo kamili kabla ya masika ya mwaka jana: slivu (mirija ya ndani ya silinda), pistoni, ringi zake, beringi za krenki, gasketi zote. Msimu mmoja tu, sasa inapumua kwa nguvu kwenye brida (tundu la kupumulia la injini), inatoa moshi wa bluu ikibeba mzigo, na siku ya kulima inataka karibu lita moja ya oili. Asubuhi inawaka kwa kubembelezwa. Presha ya oili bado nzuri, haichemki, na hakuna maji kwenye oili.

Nataka ifunguliwe mwezi wa 6 masika yakiisha, iwe shambani kabla ya vuli. Ringi zimeuawa na nini haraka hivyo? Ninunue seti nzima au ringi peke yake? Kazi ianzie wapi?

Krenki_Kavu #2
Kwanza hakikisha injini. MF 290 kwa kawaida ina A4.248, si 4.236. Kwa nje ni mapacha, mwendo wa pistoni ni ule ule wa milimita 127, ila kipenyo cha silinda ni 98.4 kwa 4.236 na 101 kwa 4.248. Ukimwambia muuza spea "4.236" atakupa pistoni ndogo. Soma namba iliyogongwa kwenye bloku: ikianza na LD ni 4.236, ikianza na LF ni 4.248. Usifuate kibandiko cha boneti, trekta hizi zimeshabadilishana injini sana.

Tona_Gerezani #3
Mleta uzi, usinunue kitu chochote kabla injini haijafunguliwa na kupimwa. Na mwambie fundi asitupe ringi wala kuosha pistoni mpaka upige picha. Jibu la swali lako la kwanza limo kwenye vyuma hivyo.

Toa ringi ya juu ya kila pistoni. Isukume ndani ya slivu kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa, hadi chini kabisa ambako ringi huwa hazifiki. Pima mwanya kwa filageji (vibati vya kupimia nafasi). Kisha ipandishe hadi juu, pale ringi ya kwanza inapoishia, upime tena. Mwanya wa chini unakuambia ringi imelika kiasi gani. Toa wa chini kwenye wa juu, gawanya kwa 3.14, umepata ulaji wa slivu kwa kipenyo hata kama huna geji ya silinda. Mfano: chini 0.60, juu 1.10, tofauti 0.50, slivu imelika karibu 0.16 mm. Kwa silinda ya milimita 100 ringi mpya huwa na mwanya wa 0.30 hadi 0.45 hivi, lakini fuata karatasi iliyokuja na seti.

Ringi na slivu zikiwa zimelika zote, na mdomo wa slivu una ngazi inayokwaruza kucha, hiyo ni vumbi. Ringi zikiwa karibu na upya na slivu inang'aa bila mistari ya honi (mikwaruzo ya jiwe la kusugulia), ringi hazikuwahi kukaa. Silinda moja ikiwa mbovu na tatu nzuri, tazama noseli (kinyunyizio cha dizeli) na konrodi (mkono wa pistoni) ya hiyo moja.

Mpunga_Ruvu #4
Tona kamaliza. Mimi naweka dau kwenye vumbi. Udongo wa Mkuranga ni kichanga, na kichanga kikipita kwenye hewa kinasaga ringi ya juu kabla ya kingine chochote. Presha ya oili kubaki nzuri inaendana na hilo, maana vumbi la hewa huanzia juu na beringi za chini huchelewa kuumia.

Fungua mpira unaotoka kwenye chujio la hewa kwenda manifodi. Pitisha kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na vumbi upande wa injini, umeshapata mwizi. Kagua klipu zote, na mpira wenyewe ukunje kwa mkono maana nyufa hujificha kwenye mikunjo. Kama chujio ni la karatasi, lipeleke gizani uweke tochi ndani: tundu litaonekana. Vijana wengi hulipuliza kwa kompresa kutoka nje kwenda ndani, karatasi inatoboka na vumbi linasukumwa lilikotakiwa lisifike. Hupulizwa kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, na likishachoka linabadilishwa.

Noseli_Safi #5
Msiisahau pampu na noseli. Kwenye ovahoo nyingi hapa mjini pesa huisha kwenye slivu na krenki, noseli zinarudishwa zilivyotoka. Noseli inayodondosha badala ya kunyunyiza inaosha oili kwenye ukuta wa silinda, ringi inakimbia juu ya chuma kikavu. Kazi ya ovahoo bila kupima noseli kwenye mashine haijaisha. Zipimwe presha ya kufunguka, umbo la mnyunyizo, na kama ncha inabaki kavu baada ya kupiga. Pampu ya dizeli, CAV DPA, nayo iende benchi, hasa kama inatoa mafuta kupita kiasi.

Mzee_wa_Haro #6
Mwambie aangalie vali gaidi pia, zile bomba ambamo vali hupita. Ukiachia mafuta ghafla ikatoa bluu, ni gaidi.

Krenki_Kavu #7
#6 shikamoo mzee, lakini kipimo hicho ni cha petroli. Injini ya petroli ina kipepeo kinachofunga hewa, ukiachia mguu inavuta kwa nguvu na kunyonya oili kupitia gaidi. Dizeli yenye DPA haina kipepeo, hewa inaingia wazi muda wote. Gaidi zilizochoka zinavujisha kidogo, ndiyo, ila haziwezi peke yake kula lita kwa siku na kufanya brida ipumue. Brida ni hewa ya pistoni.

Mzee_wa_Haro #8
Marahaba. Gaidi zipimwe hata hivyo, hedi itakuwa mezani.

Kibaha_Mitambo #9
Nina wazo tofauti na la vumbi. Mleta uzi anasema baada ya ovahoo trekta iliingia msimu wa kulima. Swali: kabla ya hapo iliachwa ikiunguruma bila mzigo? Kuna kasumba ya kuiacha silensa siku nzima "ijizoeshe". Ringi hukaa kwa presha ya moto inayozisukuma zigusane na ukuta. Bila mzigo presha hiyo ni ndogo, oili inaungua taratibu juu ya ukuta na kuacha kioo. Ukuta ukishakuwa kioo, ringi inateleza juu yake maisha yote, hata mzigo wa baadaye hausaidii. Dalili ndizo hizi: oili inapungua, brida inapumua, presha ya oili nzuri.

Plau_Chanika #10
Asanteni. Namba inaanza na LF, kwa hiyo ni 4.248, Krenki_Kavu uko sahihi. Chujio ni la karatasi, mpira una klipu moja iliyofungwa kwa waya wa kuchomelea. Kitambaa kimetoka na vumbi jepesi, si jingi. Baada ya ovahoo ilisilensa siku mbili ndipo ikaenda shamba. Themostati (vali inayozuia maji kwenda radieta mpaka yapate moto) haipo, ilitolewa zamani sababu ya joto la Dar.

Mpunga_Ruvu #11
Waya wa kuchomelea! Mimi nimeridhika.

Kibaha_Mitambo #12
Siku mbili za silensa! Mimi pia nimeridhika.

Baridi_Kali #13
Na mimi naongeza la tatu, hiyo themostati. Ya kwake hufunguka karibu na nyuzi 82. Bila hiyo, injini asubuhi inachukua muda mrefu kupata joto, na ukilima kwa mzigo mdogo au kuvuta trela tupu haifiki kabisa. Silinda ya baridi haichomi dizeli yote, mabaki yanaosha ukuta, na mvuke wa maji unachanganyika na salfa ya mafuta kutengeneza asidi inayokula slivu. Joto la Dar si sababu ya kuitoa. Themostati ikishafunguka haizuii kitu.

Mzee_wa_Haro #14
Hapo sikubali. Radieta ya trekta kuukuu imeziba nusu. Ukirudisha themostati inachemka, na kuchemka mara moja tu kunapasua hedi.

Baridi_Kali #15
Basi izibuliwe radieta, mzee wangu. Itolewe, vifuniko vya juu na chini vifunguliwe, ipitishwe fimbo. Kuna jambo lingine: njia fupi ya maji ya kurudi kwenye pampu bila kupita radieta inabaki wazi, hivyo bila themostati sehemu ya maji haipozwi kabisa. Wengine wanachemsha kwa sababu waliitoa.

Tona_Gerezani #16
Mnagombania maiti kabla ya daktari kuifungua. Ringi na slivu zitasema.

Niongelee slivu zenyewe, maana hapo ndipo pesa inapotea. Slivu za 4.236 na 4.248 ni kavu, hazigusi maji. Zipo za aina mbili dukani. Ya kwanza inaingia kwa kukazwa na presi, kisha inachimbwa na kupigwa honi ikiwa ndani ya bloku hadi kipimo. Ya pili imeshamalizwa kiwandani, inaingia kwa kusukumwa kwa mkono au kwa nguvu kidogo. Ukichukua ya pili ukaigonga kwa nyundo kwenye tundu lenye kutu au lililopinda, inakuwa yai, na ringi haiwezi kuziba yai. Tundu la bloku lisafishwe, lipimwe sehemu tatu kwenda chini na pande mbili kila sehemu. Baada ya slivu kuingia, pima tena ndani kwa mtindo huo huo. Fundi akikuambia "imeingia vizuri" bila kukuonyesha namba, hajapima.

Honi: mistari ikatane kwa nyuzi 30 hadi 45 hivi. Kisha osha slivu kwa maji ya moto na sabuni, si dizeli. Dizeli huacha unga wa jiwe la honi kwenye mistari, na unga huo ni msasa. Futa kwa kitambaa cheupe mpaka kitoke cheupe, pakaza oili hapo hapo.

Noseli_Safi #17
Basi na hiyo ni nadharia ya nne: unga wa honi. Ungeeleza pia ringi kulika msimu mmoja.

Tona_Gerezani #18
Ndiyo, ila unga huo ungeshuka kwenye oili na kukwaruza beringi pia. Tutaziona.

Plau_Chanika #19
Nimekuelewa. Kufungua je? Naweza kubadilisha slivu bila kuikata trekta?

Kata_Katikati #20
Pistoni na slivu unaweza kwa kutoa hedi na sampu (bakuli la oili chini ya injini), lakini krenki haitoki bila kukata. Na sampu ya hizi ni chuma cha kumimina kinachobeba uzito wa trekta, si bati la gari. Ukishafika huko, kata tu, bloku iende kwa tona (fundi wa kuchonga vyuma).

Paki kwenye sakafu ya zege, ziba tairi za nyuma kwa magogo mbele na nyuma. Piga kabari za mbao ngumu pande zote mbili kati ya ekseli ya mbele na mhimili wake. Ekseli ile inacheza kwenye pini, na bila kabari sehemu ya mbele inapinduka ubavuni mara tu ikiachana na nyuma. Ajali nyingi za kukata trekta ni hiyo. Mwaga maji na oili. Toa betri, boneti, ekzosi, nyaya za dainamo na stata, bomba za mafuta (ziba ncha zote kwa plastiki safi), fimbo ya akseleta, kebo ya kuzimia, kebo ya saa ya mizunguko, bomba za stelingi. Stendi nzito chini ya gia boksi, jeki ya magurudumu chini ya injini. Legeza bolti za nyumba ya klachi, zote zikitoka sukuma mbele polepole ukiangalia mwanya uwe sawa juu na chini. Ukikaba usilazimishe kwa mtaimbo, jeki haijakaa sawa. Injini peke yake ni zaidi ya robo tani, hivyo cheni bloku ya tani 1 na boriti inayostahili. Boriti ya kibanda cha mbao haistahili.

Ukishaikata tazama klachi, beringi ya klachi, meno ya flaiwili. Kuikata tena kwa ajili ya beringi ndogo ya klachi inauma.

Krenki_Kavu #21
Kabla hujakata, tazama tundu dogo chini ya nyumba ya klachi. Likiwa linadondosha oili, sehemu ya ile lita inapotea kwa sili ya nyuma ya krenki na si kwa ringi. Injini nyingi za kizazi hiki zina sili ya kamba, si ya mpira. Inawekwa kila nusu kwenye nyumba yake, ncha za kamba zibaki zimejitokeza 0.25 hadi 0.50 mm juu ya uso, upande wa ndani unapakwa grisi ya grafaiti. Wanaoikata sawasawa na uso ndio wanaovujisha.

Krenki yenyewe: shingo kuu zikiwa mpya ni 76.16 hadi 76.18 mm, za konrodi 63.47 hadi 63.49. Beringi za kuchonga zipo za 0.25, 0.51 na 0.76. Usichonge kwa mazoea. Kama ziko ndani ya kipimo na hazina michirizi, weka beringi za saizi ile ile. Ikichongwa, kona ya shingo ibaki na duara lake. Kona kali ndipo krenki inapokatikia. Na baadhi ya krenki hizi zimepikwa ngozi ya juu kiwandani, ukichonga unaondoa ugumu na lazima zipikwe tena. Mchezo wa krenki mbele na nyuma ni 0.05 hadi 0.38 mm. Ukizidi kuna washa nene zaidi.

Spea_Kariakoo #22
Kuhusu spea. Hizi injini zimetengenezwa kwa leseni India na Pakistan pia, ndiyo maana Kariakoo utakuta seti za Uingereza, India, Pakistan, Uturuki na zisizo na kwao. Zisichanganywe ndani ya injini moja. Pistoni za zamani zina ringi tano, za baadaye zina chache, kwa hiyo nenda na pistoni ya mfano mkononi. Pima uzito wa pistoni nne mpya kwenye mzani wa jikoni wa kidijitali, zikipishana sana zirudishe. Angalia pia urefu: zipo zilizokatwa kichwa tayari kiwandani na zipo ndefu zinazohitaji kukatwa na tona ili kichwa kikae kwenye kimo cha kitabu juu ya uso wa bloku. Ndefu ikifungwa bila kukatwa inagonga hedi.

Boksi si ushahidi. Boksi zinachapishwa.

Mzee_wa_Haro #23
Hapo umenena. Ila sisi wa Ford 5000 tunawaonea wivu, bloku letu halina slivu kabisa na ukuta wake hutoboka kwa kutu upande wa maji. Ikifika hapo unachimba na kutia slivu ya kuunda.

Kibaha_Mitambo #24
Na Valmet slivu ni za maji, zinakaa kwenye mipira. Mipira ikichoka maji yanaingia sampu. Ndiyo maana ukiona maji kwenye oili ya Perkins hii usiseme "mipira ya slivu", haina. Tafuta gasketi ya hedi, ufa wa hedi au bloku.

Plau_Chanika #25
Tusihame, wakuu. Kufunga na kuizoesha?

Kata_Katikati #26
Konrodi zipimwe unyoofu kabla ya kufungwa. Pistoni iliyolika mshazari, juu kushoto na chini kulia, ni konrodi iliyopinda. Konrodi na kifuniko chake zina namba, zikae upande mmoja na kila moja irudi silinda yake. Mianya ya ringi itawanywe, isipangane mstari. Bolti za meni (beringi kuu za krenki) 180 lb ft, hedi 100 lb ft, kwa hatua tatu kuanzia katikati kwenda nje. Nati za konrodi zina aina mbili za mpako na toki zake hazifanani, hivyo tambua zako kwanza kwenye kitabu. Gia za timingi zifungwe alama kwa alama, halafu usishangae ukizungusha krenki na alama za gia ya kati zisirudi kukutana. Zinahitaji mizunguko mingi.

Vali 0.30 mm injini ikiwa baridi. Mpangilio wa moto 1-3-4-2: vali za silinda 4 zikipishana (moja inafunga, nyingine inafungua) rekebisha 1, za 2 zikipishana rekebisha 3, za 1 rekebisha 4, za 3 rekebisha 2.

Kabla ya kuwasha jaza filta oili, vuta kebo ya kuzimia, piga stata kwa vipindi vifupi hadi geji ipande. Ikipata moto na mizunguko kamili isishuke chini ya 30 psi.

Kibaha_Mitambo #27
Na ikishawaka, dakika chache za kukagua mivujo, kisha mzigo. Trela lenye nusu ya shehena, au haro nyepesi, nusu hadi robo tatu ya nguvu, ukibadilisha mizunguko. Isisilense zaidi ya dakika tano. Oili ya madini ya kawaida 15W-40. Mwaga baada ya saa 50 pamoja na filta, kaza hedi na pima vali tena.

Mzee_wa_Haro #28
Nusu ya mzigo siku ya kwanza? Beringi mpya zitalia. Nusu saa ya mizunguko ya 1000 hadi 1200 kwanza, maji yapate moto, izimwe ipoe, hedi ikazwe, ndipo trela. Na oili SAE 40 inatosha kwa joto letu.

Kibaha_Mitambo #29
Nusu saa tunaweza kukubaliana, mzee. Siku mbili, hapana.

Baridi_Kali #30
Na themostati irudi. Nitalisema mpaka uzi ufungwe.

Noseli_Safi #31
Plau_Chanika, uliza pia kama oili kwenye kijiti iliwahi kupanda badala ya kushuka, au inanuka dizeli. Sili ya shafti ya DPA ikichoka, au diafram ya pampu ndogo ya mafuta, dizeli inaingia sampu na kuikata oili. Dizeli inaweza kuwa inaingia huku oili inaungua kwa wakati mmoja, kijiti kikakudanganya.

Plau_Chanika #32
Nimenusa sasa hivi, kuna harufu ya dizeli kidogo. Kwa hiyo tumeongeza la tano? Noseli na pampu zinaenda benchi wiki hii, kabla ya kufungua. Ikifunguliwa nitaweka hapa picha za ringi na vipimo vya juu na chini vya silinda zote nne. Tona, mwanya wa ringi ya pili nao upimwe au wa kwanza unatosha?

Tona_Gerezani #33
Zote, na uziandike kwa silinda. Ringi ya juu ikiwa imelika mara mbili ya ya pili, vumbi la Mpunga linapata nguvu. Zikiwa sawa na hazijalika, Kibaha anacheka. Na pima unene wa ringi kwa maikromita pamoja na upana wa mfereji wake kwenye pistoni kwa filageji, maana mfereji uliopanuka hauponi kwa ringi mpya, hata za Uingereza.